Mstaafu wa Lubumbashi na nyumba anayoiacha nyuma: sentineli, ndugu au mpangaji?

Watoto wa mstaafu wa Lubumbashi mara nyingi wametawanyika: mmoja yuko Kolwezi mgodini, mwingine Kinshasa, mwingine Ndola, kitinda mimba yuko Liège au Bruxelles. Kila mmoja anataka wazazi waje kwake. Miaka miwili mitatu baada ya kustaafu, baba na mama wanajikuta wako njiani miezi minne au mitano kwa mwaka, na parseli (kiwanja na nyumba yake) ya Katuba, Kamalondo au Golf, mitaa ya mji huo, haina mwenyewe. Mizigo inapofungwa, tiketi si shida tena. Shida ni nyumba inabaki na nani.

Majibu ya kawaida ni matatu: kuifunga na kuweka sentineli (mlinzi), kumwingiza ndugu, au kuipangisha na kujibakizia anekse (kijumba cha pembeni uani). La nne, kuuza, tutaligusa kwa ufupi.

Wengi hulinganisha kwa fedha, na mpangaji anashinda papo hapo. Sisi tungeanza na kipimo kingine: ukibadili mawazo, siku ngapi zitapita kabla hujalala kwenye kitanda chako? Mipango ya mstaafu anayesafiri haitulii. Visa inachelewa, mjukuu anazaliwa kabla ya wakati, presha inapanda ugenini na daktari anasema rudi nyumbani. Kwa kipimo hiki, nyumba yenye sentineli unaingia siku ileile unayofika. Yenye mpangaji, sheria inakupa miezi mitatu. Yenye ndugu hakuna anayejua: labda wiki moja, labda miaka.

Pima kwanza urefu wa safari

Kolwezi ni kama kilomita 300 kwa lami, Likasi kama 120, na mpaka wa Kasumbalesa haufiki 100. Safari hizo ni za wiki mbili tatu. Ukiitwa, kesho yake uko nyumbani. Kwa safari fupi namna hiyo, kuzungumzia mpangaji ni kujisumbua bure.

Ubelgiji na Ufaransa ni jambo jingine. Visa ya kutembelea eneo la Schengen haikuruhusu kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na bima ya matibabu ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa hiyo hata mtoto akisema "kaeni mwaka mzima", karatasi inasema miezi mitatu. Wengi hawalinganishi namba hiyo na ya mpangaji, ambaye naye kumtoa kunataka miezi mitatu. Ukimpa taarifa siku unayopanda ndege, atakuwa anatoka wakati wewe unarudi. Ukingoja mpaka urudi, utalala anekse miezi mitatu mingine.

Halafu kuna majira. Mvua za Lubumbashi huanza kushika kwenye mwezi wa kumi na moja na kumalizika mwezi wa nne hivi. Mwenye shamba la mahindi nje ya mji hawezi kukosekana wakati wa kupanda, katikati ya mwezi wa kumi na moja mpaka katikati ya wa kumi na mbili, wala wakati wa kuvuna. Kwa hiyo mstaafu mwenye jembe ana dirisha lake: aondoke mwezi wa tano, arudi kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, abakiwe na mwezi mzima wa kutengeneza paa. Nyumba inayoachwa kiangazi ina adui wachache kuliko inayoachwa masika. Kama watoto wanakupa uchaguzi wa tarehe, chagua kiangazi bila kufikiri mara mbili.

Sentineli

Uzuri wake ni kwamba nyumba inabaki yako yote, na vitu vinakaa mahali pake. Ubaya ni kwamba unalipa bila kupata kitu, na nyumba isiyokaliwa inaharibika kimya kimya hata ikilindwa. Sentineli analinda geti. Bomba linalovuja nyuma ya choo halioni, kwa sababu hana ufunguo wa ndani.

Kosa la kawaida ni kumlipa miezi mitatu yote siku ya kuondoka. Mwezi wa pili mshahara umeisha, mtu anaanza kutafuta vibarua mchana, usiku analala fofofo. Mlipe mwisho wa kila mwezi kwa simu, na uweke mtu wa pili, jirani au mtu wa kanisani, mwenye ufunguo wa ndani. Huyo aingie mara moja kwa wiki, afungue madirisha saa moja, na akutumie picha mbili tu: mita ya maji na mita ya umeme. Namba ya maji ikipanda kwenye nyumba ambayo hakuna anayeoga, kuna bomba limepasuka, au jirani amejiunganisha. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi saa ya Bruxelles ni ileile ya Lubumbashi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwamsha mtu usiku. Kinshasa iko saa moja nyuma.

Jambo la kusisitiza hapa ni baridi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi unashuka chini ya nyuzi 10, na sentineli anaingiza mbabula (jiko la makaa) kwenye kibanda chake, anafunga mlango, analala. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa yanatoa sumu isiyonuka wala kuonekana, na mtu haamki tena. Usimruhusu kuingiza mbabula ndani, hata kibanda kikiwa na tundu la hewa. Mpe blanketi mbili nzito, koti, na agizo moja: mbabula inabaki nje. Blanketi mbili si gharama ya kujadili.

Ndugu

Mpwa anayesoma chuo kikuu, binti wa dada aliyeachika, kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi: yuko tayari daima. Nyumba yenye mtu anayepika bukari (ugali) jioni na kuwasha taa ni salama kuliko yenye sentineli peke yake. Maji yanatembea kwenye mabomba, madirisha yanafunguliwa, panya hawajengi. Kwa afya ya nyumba, ndugu anashinda wote.

Ugumu unaanza siku ya kurudi. Ndugu hana mkataba, kwa hiyo hana tarehe. Umemkaribisha kwa miezi mitatu, umerudi, yeye amekuwa na mke na mtoto, na kumwambia atoke ni kikao cha ukoo mzima. Dawa ni kusema mapema, mbele ya watu, na kuandika. Karatasi moja inatosha: nani anaingia, vyumba gani, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, nani analipa umeme na maji, nani haruhusiwi kuletwa kuishi. Weka sahihi zenu na ya ndugu mmoja anayeheshimiwa pande zote mbili. Anayoyasema mzee siku hiyo yawe mepesi: "Mwanangu, chumba kile ni cha mama yako, kinabaki na kufuli. Hiki ni chako mpaka tarehe 30 mwezi wa tisa. Tukirudi tutakutafutia pamoja pa kwenda." Akinuna sasa, ni heri kuliko kununiana ukoo mzima baadaye.

Chumba chenu cha kulala kifungwe kweli, na ufunguo uondoke na ninyi. Hofu ya wizi ni ndogo. Sababu yenyewe ni kwamba chumba kilichofungwa kinamkumbusha kila siku kwamba wenye nyumba wako safarini na watarudi.

Hati nazo zisibaki ndani. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa kwa sertifika ya uandikishaji (hati rasmi ya ardhi) tu. Fishi ya parseli, karatasi ya ofisi ya kartie (mtaa), haitoshi. Parseli nyingi zimeuzwa na watu wa familia wakati wenyewe hawapo, kwa karatasi zilizokutwa kabatini. Asilia ikae benki au kwa mtoto unayemwamini katika mji mwingine, ninyi mtembee na kopi. Ukiwa bado na fishi tu, fedha ya safari ya mwaka huu ingefaa kwanza kukamilisha sertifika. Tunajua si jambo tamu kuambiwa.

Mpangaji

Fedha za kweli ziko hapa, na kwa mstaafu ambaye pensheni haifiki mwisho wa mwezi, mara nyingi hakuna njia nyingine ya kulipia tiketi. Mpango unaofanya kazi ni kupangisha nyumba kubwa na kubakiza anekse ya chumba kimoja na choo, yenye mlango wake wa nje. Kinyume chake, kupangisha anekse na kuacha nyumba kubwa tupu, kunaleta kodi ndogo na hakulindi kitu.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inataka mkataba wa maandishi. Kwa nyumba ya kuishi, garanti (amana anayoweka mpangaji) isizidi kodi ya miezi mitatu, na anayetaka kuvunja mkataba atoe taarifa miezi mitatu mapema. Komisioneri (dalali wa nyumba) anaweza kukuambia "hapa watu wanachukua sita". Wanachukua, ndiyo, lakini siku ya ugomvi karatasi hiyo itakugeuka wewe.

Wapangishaji wengi wastaafu hujikwaa kwenye garanti. Si mapato. Ni deni. Anayenunua tiketi kwa garanti ya dola 900 amefunga mlango wa kurudi, kwa sababu siku ya kutaka nyumba yake lazima arudishe 900 ambazo zimeshapaa na ndege. Iweke kwenye akaunti yake peke yake na usiiguse.

Umeme ndio chanzo cha pili cha ugomvi. Mita moja ya Cash Power (umeme wa kulipia kabla) kwa nyumba mbili haina hakimu: mpangaji ananunua yuniti, wewe umerudi unachemsha maji ya kuoga, yuniti zinaisha Ijumaa jioni. Omba mita ya pili kabla ya kupangisha. Ikishindikana, weka mita ndogo ya kusomea kwenye waya wa anekse, msome pamoja kila tarehe mosi. Maji yagawanywe kwa idadi ya vichwa, na siku ambazo anekse imefungwa zisihesabiwe.

Siku ya kukabidhi, pita chumba kwa chumba na simu mkononi, piga picha kila ukuta, kila bomba likiwa wazi, kila kufuli na ufunguo wake. Bila picha, mwaka mmoja baadaye kila ufa utakuwa "tuliukuta".

Kuuza

Anayeuza na kuishi kwa zamu kwa watoto anageuka mgeni kila mahali. Tungelifikiria kwa mjane au mgane asiyeweza tena kukaa peke yake, na hata hapo, baada ya kuishi mwaka mzima kwa mtoto huyo bila kuuza kwanza.

Hesabu kando kwa kando

Chukua namba za mfano, kisha ubadili kwa bei za kartie yako. Safari ni ya siku 90.

Sentineli wa dola 100 kwa mwezi ni 300, ongeza 30 za vocha, betri za tochi na blanketi: umetumia 330, na nyumba unaikuta ilivyo. Ndugu halipwi, lakini umeme, maji na msaada wa chakula vinaweza kufika 40 kwa mwezi, yaani 120. Mpangaji wa dola 300 kwa mwezi anaonekana kuleta 3,600 kwa mwaka. Toa kodi ya mwezi mmoja ya komisioneri, mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu kati ya mpangaji na mpangaji, 250 za rangi na kufuli: zimebaki 2,750, kabla ya kodi ya serikali. Nazo zinakufunga mwaka mzima, hata miezi ile tisa ambayo uko nyumbani.

Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka, siku zisizozidi 90, na ambaye 330 hazimvunji, tungechukua sentineli pamoja na jirani mwenye ufunguo. Anayetoka nusu ya mwaka au zaidi, kwa safari mbili tatu, apangishe na ahamie anekse moja kwa moja, hata anapokuwepo. Kuhama mara moja ni rahisi kuliko kuhamahama kila msimu. Ndugu tungemchukua kwa safari moja tu, yenye tarehe, na hasa safari ya masika, wakati nyumba inahitaji mtu wa kuona paa linavuja wapi. Mwaka unaofuata, angalieni upya. Afya imebadilika, mtoto wa Kolwezi amehamishwa, visa imekuwa ngumu: mpango wa mwaka jana haukufungi.

Kabla ya kufunga geti

Kama nyumba haitakaliwa, funga valvu ya maji pale kwenye mita. Ajali inayojirudia kila mwaka ni hii: maji yamekatika siku ya kuondoka, mtu amejaribu bomba la jikoni, halikutoa, ameliacha wazi. Usiku wa manane maji yanarudi, sinki limezibwa na kitambaa, na sakafu inaelea mpaka Jumapili.

Mimina lita moja ya maji kwenye kila tundu la sakafu na la bafu, halafu kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia juu yake. Maji yaliyokaa kwenye kiko cha bomba ndiyo yanazuia harufu na mende. Kiangazi yanakauka ndani ya wiki chache, mafuta yanachelewesha.

Friji itolewe barafu, ifutwe, mlango uachwe wazi kwa kuwekewa kijiti. Mwenye ndugu ndani na nyama kwenye friza agandishe kikombe cha maji, kisha aweke sarafu juu ya barafu. Akirudi akiikuta sarafu chini ya kikombe, umeme ulikatika muda mrefu, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena. Nyama hiyo haifai hata kama haijanuka.

Chomoa kila kitu ukutani, maana umeme ukirudi baada ya kukatika huja na nguvu inayochoma televisheni. Betri za sola za asidi ziachwe zimejaa, chaja ikiendelea, inveta imezimwa. Zikiachwa tupu miezi mitatu, haziamki. Gari litolewe waya wa hasi kwenye betri.

Masanduku na mbao visiguse ukuta. Viinue juu ya matofali mawili ili mwenye ufunguo aone vijia vya udongo vya mchwa kabla havijafika kwenye nguo. Mvua za kwanza inswa (kumbikumbi) wakiruka nje kwenye taa, watoto wafurahi. Wakitoka ndani ya nyumba, kiota kiko chini ya sakafu yenu.

Dawa za presha au sukari zichukuliwe za siku zote za safari na wiki mbili za ziada, kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyofunguliwa, aina nyingi hukaa kama wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 30. Cheti cha homa ya manjano ni cha maisha yote tangu mwezi wa saba 2016, lakini chanjo inayochomwa mara ya kwanza inahesabiwa baada ya siku 10, na aliyezidi miaka 60 azungumze na daktari kabla ya kuchomwa.

Siku mbili za kwanza za kurudi

Usianze na kufungua masanduku. Fungua valvu ya maji nusu tu, sikiliza mita: ikizunguka na mabomba yote yamefungwa, kuna uvujaji. Kisha acha kila bomba litiririke mpaka maji yawe safi na baridi.

Tanki lililokaa na maji limwagwe, lisuguliwe, lijazwe, litiwe lita moja ya maji ya javeli (dawa ya klorini) ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000. Funga, ngoja saa 12, mwaga yote kupitia mabomba ya nyumba, jaza upya ndipo unywe. Javeli ya sokoni mara nyingi imezimuliwa, kwa hiyo soma asilimia kwenye chupa, na chupa isiyo na namba iache dukani.

Homa inayokuja siku hizo isiitwe uchovu wa safari. Pimeni malaria siku hiyohiyo, na mwambieni muuguzi mmetoka wapi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya ndege au basi la saa nyingi, nendeni hospitali, msiusugue mafuta: inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa.

Sentineli alipwe mwezi wake siku hiyo ya kwanza, kabla hajaomba, na ndugu akumbushwe tarehe yake kabla zawadi za safari hazijagawanywa.